Mashine inalia, mtumbwi hauendi

Swali: Naendesha mtumbwi wa dagaa wa mbao, futi 30 hivi, hapa Kayenze, Ziwa Victoria. Mashine ni ya 40 (nguvu za farasi), ya kuchanganya petroli na oili. Tukienda taratibu hakuna shida. Nikiongeza moto kupita nusu, mashine inalia kwa nguvu halafu mtumbwi unapoa kama umefungwa jiwe. Nikipunguza, unashika tena. Fundi amebadilisha plagi na kusafisha kabureta, hali ni ile ile. Sasa anataka tajiri, mwenye mtumbwi, anunue giaboksi, na tajiri amenuna. Je, ni giaboksi kweli? Na naweza kuendelea na kazi mpaka mbalamwezi, tunapoegesha?

Jibu: Ndugu yangu nahodha, mwambie tajiri asitoe hela ya giaboksi bado. Inawezekana ikawa giaboksi kweli, nitafika huko, lakini kwa ulivyoeleza siyo kitu cha kwanza ambacho mimi ningekishuku. Na gharama ya kuujua ukweli ni msumari mmoja na rangi kidogo.

Neno lililonisaidia katika swali lako ni hilo "inalia". Wengi wakija karakana wanasema "mashine haina nguvu", basi, wananyamaza. Haina nguvu vipi? Kuna mashine ambayo ukiiongezea moto sauti inazama, inakohoa, inabanwa kifua kama mtu mwenye pumu. Na kuna ambayo ukiiongezea moto sauti inapanda kuliko siku zote, inapiga resi tupu, huku mtumbwi unabaki nyuma. Ya kwanza ina njaa au inaumwa. Ya pili ni nzima wa afya, nguvu anazo, ila hazifiki majini. Yako ni ya pili. Kwa hiyo plagi na kabureta havikuwa na kosa. Plagi mpya si hasara, utazitumia.

Kwa wale ambao sauti ya mashine yao inazama, niseme kwa ufupi tu: angalia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tenki kama limefunguliwa, bonyeza kile kipira cha kupampu petroli wakati mashine inatembea uone kama kimenywea (kikinywea, kuna mahali pameziba kati yake na tenki), na mwaga petroli kidogo kwenye chupa nyeupe uiache itulie. Maji yatakaa chini utayaona kwa macho. Petroli inayozunguka kwenye madumu kisiwa hadi kisiwa hukutana na mengi njiani.

Turudi kwako. Nguvu ya mashine inashuka kwa shafti iliyosimama ndani ya mguu, inafika kwenye giaboksi chini, meno ya klachi yanaing'ata gia ya mbele au ya nyuma, shafti ya propela inazunguka. Hapo ndipo watu wanaposahau hatua moja. Propela ya mashine ya 40 haijashikana na shafti chuma kwa chuma. Katikati yake kuna bushi ya mpira. Ndani ya mpira huo kuna bomba la shaba lenye meno, ambalo ndilo linalokaa kwenye shafti. Nje ya mpira ndiyo propela yenyewe. Mpira umeshindiliwa humo kwa nguvu, haukugundishwa kwa pini wala bolti. Umewekwa makusudi, ili ukigonga mwamba mpira uteleze na meno ya gia yapone. Mashine ndogo ndogo nyingi zinatumia pini badala yake: pini ikikatika, hakuna mwendo kabisa, wala huulizi swali. Mpira hautoi taarifa namna hiyo. Unachoka pole pole.

Sasa kwa nini uteleze kwenye moto mkubwa tu? Hili ndilo linalowachanganya mafundi, maana wanasema kama kitu kimekufa si kife moja kwa moja. Maji yana tabia yake. Propela ikizunguka mara mbili zaidi, nguvu inayohitajika kuikaza haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukiwa nusu ya mizunguko, mpira unabeba robo tu ya mzigo wake wa mwisho. Mashine ya 40 ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, na giaboksi ikipunguza mizunguko hiyo kwa nusu kama ilivyo kwa nyingi za ukubwa huo, msokoto unaofika kwenye propela ni sawa na kilo 11 hadi 12 zikining'inia kwenye ncha ya spana ya mita moja. Mpira uliozeeka unaweza kubeba kilo 3 siku nzima bila kulalamika. Ukiupa 8, unaachia. Ukishaachia unasuguana, unapata moto, unalainika, unateleza zaidi, na mashine inalia. Unapunguza, maji yanaupoza, unashika tena. Hapo umejieleza mwenyewe, neno kwa neno.

Ndiyo maana pia kile kipimo cha pwani hakisaidii: mtu anaingiza gia, anaishika propela kwa mikono miwili, anajaribu kuizungusha, inagoma, anasema "mpira mzima huu". Mikono yako haifiki huko. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya kwanza Kirumba, Mwanza, nilidanganywa na kipimo hicho. Nilifungua giaboksi nzima ya mtumbwi uliotoka visiwani, nikakuta gia zinang'aa kama za dukani, nikazirudisha, na mwenye mali akalipa siku yangu nzima ya kazi. Jioni nilipokuwa nafuta propela ili niifunge, nikaona unga mweusi umeganda pembeni ya bomba la shaba, laini kama masizi ya karabai. Nikaunusa. Kandambili iliyoungua. Tangu siku hiyo sifungui giaboksi ya mtu kabla ya kuinusa propela yake.

Fanya hivi. Mtumbwi ukiwa mchangani, chomoa nyaya za plagi kwanza. Nasema kwanza, kwa sababu mashine ya kuvuta kwa kamba inaweza kuwaka kwa kuzungushwa propela tu, na vidole havioti tena. Chomoa kotapini (ile pini inayozuia nati isilegee), weka kipande cha mbao kati ya jani la propela na lile bapa la chuma juu yake ili isizunguke, fungua nati, vuta propela. Angalia washa nene, ile pete iliyo kati yake na giaboksi, ilikaaje, maana ina upande. Ukiigeuza, propela itasukuma mahali pasipotakiwa. Ukiwa hapo hapo, chungulia kwenye shafti kama kuna uzi wa timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, umejisokota. Hizo nyavu zimepigwa marufuku lakini uzi wake bado uko ziwani, na unapojiviringisha kati ya propela na giaboksi unakata sili ya oili taratibu hadi maji yaingie giaboksi. Ukiukuta, ukate wote kwa kisu kidogo, usiuvute.

Halafu chukua msumari, chora mstari mmoja ulionyooka unaoanzia kwenye bomba la shaba, unapita juu ya mpira, unaishia kwenye bati la propela. Upake rangi ya kucha au rangi yoyote isiyotoka kwa maji. Rudisha propela, kaza nati, weka kotapini mpya. Ingia majini na mzigo wa kawaida, nenda pale ambapo tatizo huwa linatokea, ongeza moto mpaka ilie, kisha punguza mara moja. Usiiache ilie muda mrefu. Mashine isiyo na mzigo inapita mizunguko iliyotengenezewa, na pistoni hazipendi. Rudi, fungua. Kama mstari umekatika, nusu iko huku na nusu kule, mpira unateleza. Kesi imekwisha. Kama mstari umenyooka vile vile, mpira hauna kosa, na tunaenda mahali pengine.

Mahali pengine pa kwanza ni maji yenyewe. Propela inataka maji mazito, ikipata hewa inazunguka bure. Dalili zinafanana sana na zako: mlio unapanda, mwendo unakufa, ukipunguza inashika. Tofauti iko kwenye lini. Mpira hauchagui mawimbi. Unateleza hata ziwa likiwa kama kioo, na wiki hii unateleza mapema kuliko wiki iliyopita. Hewa inachagua. Inakuja ukikata kona, ukipanda wimbi, vijana wakisogea mbele kuvuta wavu, au mnapotoka jioni watupu nyuma ikiwa imenyanyuka. Kwa hiyo jiulize: jioni mkitoka bila mzigo na alfajiri mkirudi na dagaa, ni lini inalia zaidi? Ikiwa inalia zaidi mkiwa mmejaza, mpira. Ikiwa zaidi mkiwa watupu, hewa.

Mitumbwi yetu ya mbao ina ugonjwa wake hapa. Mashine zinakuja na mguu mfupi au mguu mrefu, takriban sentimita 38 na 51, kupima toka juu ya ubao wa nyuma hadi kwenye lile bapa lililo juu ya propela. Bapa hilo linatakiwa liwe usawa wa chini ya mtumbwi au chini yake kidogo, inchi moja hivi. Seremala anachonga ubao wa nyuma kwa jicho, tajiri ananunua mashine aliyoikuta, vinakutanishwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Nimeona mguu mfupi kwenye ubao mrefu, bapa likiwa juu ya chini ya mtumbwi kwa kiganja kizima. Hiyo haiponi kwa propela mpya. Inapona kwa msumeno: unaupunguza ubao. Tatizo la pili ni mkuku, ule ubao wa uti wa mgongo chini ya mtumbwi. Ukiachwa mnene hadi mwisho, mbele kabisa ya propela, unapasua maji na kuvuta mapovu ambayo propela inayameza. Mwambie seremala auchonge uishe kwa kupungua, kama mkia wa samaki, hatua moja kabla ya kufika nyuma.

Na magugu, bila shaka. Gugu maji limo ziwani humu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hakuna nahodha wa Kayenze wa kufundishwa kulihusu. Nitasema tu kwamba shina moja lililoshika kwenye mguu, mbele ya propela, linatosha kutengeneza mfereji wa hewa. Kabla ya kulaumu chochote, inua mashine utazame.

Majani ya propela nayo yaangalie. Ukingo uliokunjika au kumeguka kwa mawe unafanya maji yachemke. Sitanii: nyuma ya jani linalokwenda kasi mgandamizo unashuka kiasi kwamba maji yanageuka mvuke bila moto wowote, na mapovu hayo yakipasuka yanatafuna bati, unaona vitundu kama vya ndui. Hapa tulipo, mita 1,134 juu ya bahari, chai yenyewe inachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu hayo yanapata nafasi mapema kidogo kuliko Dar.

Sasa giaboksi, ili nisimwonee fundi wako. Klachi iliyolika pembe inaachia kwenye moto mkubwa kweli. Lakini haiachii kimya. Inagonga. Utasikia ka-ka-ka na mguu wote unaruka mkononi mwako, kama mtu anapiga nyundo chini ya mtumbwi, kwa sababu meno yanapandana na kuangukiana. Mpira unateleza bila kugonga, ni mlio tu kupanda. Wewe hukutaja kugonga, nami naamini ungekutaja, maana hulali ukishakusikia. Kuthibitisha, fungua skrubu ya chini ya giaboksi umwage oili kidogo kwenye kipande cha bati kwenye jua. Ikiwa na vipande vinavyometa, ukubwa wa punje ya sukari, hapo fundi ana hoja. Unga laini kidogo kama wino wa fedha ni kawaida ya umri. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, badilisha sili mapema hata kama bado inatembea. Na kabla ya kuhukumu klachi, angalia fimbo ya kuingizia gia kama imerefushwa sawasawa. Gia isiyoingia yote inaruka hata kama meno ni mapya. Nimekuta watu wameifunga fimbo kwa raba ya baiskeli ili isiruke. Inafanya kazi wiki mbili, kisha unanunua klachi na gia ya mbele kwa pamoja, kwa sababu moja ikilika inamla mwenzake.

Tuseme mstari umekatika, na mimi nitashangaa usipokatika. Una njia tatu. Propela mpya. Au mpira mpya katika propela ile ile, kama majani yake ni mazima; hii inahitaji presi, mashine ya kushindilia, na fundi anayejua ataupaka mpira maji ya sabuni uingie, kamwe si grisi wala oili, kwa sababu sabuni inakauka na kushika ilhali grisi inabaki na kuuozesha. Ukimwona anachovya mpira kwenye kopo la oili, chukua propela yako uondoke. Njia ya tatu ni ile ya mwaloni: kutoboa matundu mawili matatu kupita bati hadi bomba la shaba na kupiga bolti, au kuchomelea kabisa. Sikatai kwamba inakufikisha nyumbani. Nimeshaifanya, kisiwani Ukara, upepo ukiwa mbaya. Lakini ukiiacha hivyo umeondoa kitu pekee kilichokuwa kati ya mwamba na gia zako. Siku ukigonga, kitakachokatika ni kile kile giaboksi ambacho leo tajiri anakinunia.

Ukinunua mpya, soma namba zilizopigwa muhuri kwenye propela ya zamani. Ziko mbili: ya kwanza upana, ya pili hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu kwenye ubao. Hapa wauzaji wanatupa hasara bila kujua, kwa kutuletea propela ya boti nyepesi ya pwani. Kwenye mwinuko wetu mashine inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo 40 yako inafanya kazi kama 35. Ongeza mtumbwi wa mbao uliokunywa maji, watu watano, wavu, taa na betri zake, na dagaa juu. Hatua kubwa inaikaba. Pima: ukiwa na mzigo wa kawaida na moto wote, mashine nyingi za aina yako zinatakiwa zifike mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kuna kipimo kidogo cha resi kinachozungushiwa waya wa plagi, fundi yeyote mzuri anacho. Ikiishia 4,000, teremka hatua inchi mbili au tatu. Kila inchi moja inakurudishia mizunguko kama 150 hadi 200. Utafikiri umepewa propela ndogo, halafu utashangaa mtumbwi unavyoondoka.

La kuendelea na kazi mpaka mbalamwezi. Ikiwa mstari umekatika, unaweza, ukibaki chini ya pale inapoanza kulia, na mkavua karibu. Kwa mwendo huo mpira utakurudisha. Usivuke kwenda visiwa vya mbali, usibebe abiria, na makasia yawe mawili humo ndani, siyo moja la kukorogea. Ikiwa inagonga, usitoke hata usiku mmoja, kwa sababu klachi ikivunjika vipande vinapita kwenye gia zote, na hutachagua saa. Mwezi ukikua mtaegesha siku kadhaa vyovyote vile. Propela itoke siku ya kwanza, isiwe ya mwisho, maana wiki hiyo kila mtumbwi wa pwani hii unajikumbuka kuwa mgonjwa, na presi yetu ni moja.